Kuchonga ufunguo mpya wa mlango wa gari ya zamani kwa kusoma kitasa chenyewe

Gari za zamani huku kwetu Arusha na Moshi ni nyingi kupita maelezo, Land Cruiser mkonga zilizostaafu kubeba watalii, Defender 110, Hilux za miaka ya 80, Mark II GX, Corolla 100 za kwendea kazini, na karibu zote zina ugonjwa mmoja, ufunguo wa mlango. Ama umepotea kabisa, ama upo ila meno yameisha mpaka unafungua kwa kubembeleza, unauchomoa kidogo, unauchezesha juu chini, mvua ya Aprili inakunyeshea. Au mlango wa dereva ulishakataa siku nyingi, unazunguka kufungulia upande wa abiria na umeshazoea.

Tunachofanya wengi ni kuuchukua huo ufunguo uliochoka tunampelekea fundi wa kuchonga, anauweka kwenye mashine, dakika mbili tayari, unalipa unaondoka. Ukifika kwenye gari haufungui. Fundi anatukanwa bure tu maana mashine yake imefanya ilichotengenezwa kufanya, imenakili. Ukiipa ufunguo uliolika inakupa ufunguo mpya uliolika vilevile na inaongezea na kosa lake kidogo, sasa ukija kutoa kopi ya kopi ndo kabisa, hata mlango wenyewe hauujui tena.

Dawa ni kuachana na ufunguo mzee na kwenda kusoma kitasa. Vipimo vya kiwandani viko mule ndani. Ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu mwenye subira na tupa nzuri, na huhitaji mashine.

Kabla hatujaanza, mambo mawili ya haraka. Kwanza chipu. Gari nyingi za Kijapani za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 90 hazina chipu kwenye ufunguo, ni chuma tu, kwahiyo hii njia inakumalizia shida. Kama gari yako ni ya juzijuzi yenye chipu, ufunguo utakaochonga hivi utafungua mlango vizuri ila kuwasha gari itakataa, hiyo ni habari nyingine na ya gharama nyingine. Pili, kama gari imefungwa yote na hamna ufunguo hata mmoja, ita fundi aje kukufungulia, na uwe na kadi ya gari mkononi. Fundi anayekufungulia gari bila kukuuliza kadi mwogope, kesho atamfungulia mwingine gari hiyohiyo yako.

Tuanze na vifaa. Bisibisi nyota na bapa, plaizi ya mdomo mwembamba, sindano ya kushonea, maka peni nyeusi, jiriwa ndogo (huna, azima gereji yoyote pale Unga Ltd, au shikilia kwa plaizi ya kujifunga), na seti ya tupa ndogo za sonara, zile nyembamba zinazouzwa kwenye kifuko, moja iwe bapa, moja ya pembetatu, moja duara. Tupa kubwa ya kunolea panga iache nyumbani. Ukiwa na venia ya kupimia ni vizuri zaidi ila sio lazima.

Namba kwanza

Hapa watu wengi wanajitesa bure. Gari nyingi za zamani zina namba ya ufunguo imegongwa mahali, na ukiipata namba huna haja ya kupiga tupa hata kidogo, fundi mwenye jedwali la namba anakuchongea ufunguo wa kipimo cha kiwandani. Toyota nyingi za miaka ya 80 na 90 namba mara nyingi iko kwenye mwili wa kitasa cha mlango wa abiria, mlango wa abiria, sio wa dereva, ndo maana mtu anafungua mlango wa dereva anaona hamna kitu anakata tamaa. Land Rover za zamani za Series na magari mengine ya Kiingereza ya enzi zile yalitumia funguo zinazoanza na herufi FS na kufuatiwa na namba kuanzia 876 mpaka 955, na utaikuta kwenye ufunguo wenyewe au usoni kwa silinda, ikiwa imeliwa na kutu isugue taratibu na brashi ya waya halafu paka chaki ufute, tarakimu zinatokea nyeupe. Angalia pia kwenye makaratasi ya gari, kuna wakati kile kibati cha aluminiamu kilichokuja na funguo mpya kimelala humo tangu gari inashuka bandarini na hakuna aliyewahi kukitazama.

Hata ukikuta namba, kitasa si ajabu kilishabadilishwa huko nyuma na cha gari nyingine. Kwahiyo ukishachongewa kwa namba jaribu kabla hujalipa.

Kutoa kitasa

Pandisha kioo juu kabisa kwanza. Kama gari ina sentaloki au vioo vya umeme toa terminali ya hasi kwenye betri.

Sasa kava ya ndani ya mlango. Hendeli ya kuzungushia kioo imeshikwa na klipu ya waya iliyojificha nyuma yake, na hii klipu ndo inayowatoa watu machozi. Chukua kitambaa chembamba, kipitishe kati ya hendeli na kava, kivute kushoto kulia huku unakisukuma kuelekea kwenye klipu, itachomoka. Weka mkono mwingine karibu maana inaruka. Kuna skrubu za kishikio cha mkono, nyingine zimefunikwa na vifuniko vya plastiki, na moja nyuma ya hendeli ya kufungulia mlango. Zikiisha, ingiza bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa ukingoni mwa kava na uzichokonoe zile klipu moja moja, usivute kava kwa hasira, klipu za plastiki za mwaka 1992 zimekauka zinakatika. Spea zake zipo madukani, nunua chache kabisa uwe nazo.

Nyuma ya kava kuna nailoni imegandishwa. Ibandue taratibu na uirudishe baadaye, wengi wanaitupa halafu mwaka ujao wanashangaa kava imeoza kwa maji.

Chungulia ndani kwa tochi. Kitasa utakiona kinatokeza kwa nyuma, kina mkia unaozunguka, na kwenye mkia kuna rodi nyembamba inayoshuka kwenye komeo la mlango. Piga picha na simu hapo, mbili tatu, pembe tofauti. Rodi imeshikwa na klipu ya plastiki, hiyo haivutwi, inazungushwa kwanza mpaka iachie rodi ndo unaitoa. Halafu kitasa chenyewe kimebanwa kwenye bati la mlango na klipu kubwa ya chuma yenye umbo la U, isukume na bisibisi kwa upande inateleza inatoka, kitasa unakitolea nje. Kwenye gari nyingine kitasa kimeungana na hendeli ya nje, hapo unafungua boliti mbili na kutoa vyote kwa pamoja.

Kama hutaki kuendelea zaidi ya hapa, unaweza kuishia hapa. Bebea kitasa mfukoni umpelekee fundi mzuri wa kuchonga, mwambie asome kitasa, asinakili ufunguo. Wako mjini kwenye vibanda karibu na masoko na stendi. Mjue ni mzuri kwa namna hii, ukimpa kitasa atauliza namba au atatafuta namna ya kukifungua, wa aina ya pili, asiyejua kusoma kitasa, atakuuliza "ufunguo wa mwanzo uko wapi?" Huyo wa pili msalimie tu uendelee na safari.

Ndani ya kitasa

Safisha kwanza. Vumbi la huku, hasa gari iliyowahi kupanda Ngorongoro na kushuka Serengeti, ni laini kama poda na linajaza kitasa mpaka vibati vya ndani havishuki. Mwagia petroli kidogo au dawa ya kusafishia breki, tikisa, mwaga, rudia mpaka itoke safi. Mbali na moto, na mbali na sigara ya jirani.

Kitasa kina sehemu mbili, nyumba ya nje na silinda ya ndani ambayo ndo inazunguka. Silinda ya ndani ina nafasi nyembamba zilizopangwa mstari, na kwenye kila nafasi kuna kibati chembamba cha shaba chenye tundu la mstatili katikati, na chini yake kispringi kidogo kuliko punje ya mchele. Ufunguo unapita ndani ya yale matundu yote. Bila ufunguo springi zinasukuma vibati vitokeze nje ya silinda vikae kwenye mfereji wa nyumba, ndo maana haizunguki. Ufunguo sahihi unavivuta vyote vikae sawasawa na uso wa silinda, hakuna kinachotokeza juu wala chini, silinda inazunguka. Kitu kizima ni hicho, hamna uchawi.

Nyuma kwenye mkia kuna klipu ndogo ya E au pini. Itoe, toa mkia na springi yake ukikumbuka ilivyokaa (picha tena), halafu sasa unatakiwa kuichomoa silinda kwa mbele. Bila ufunguo vibati vinaizuia, kwahiyo ingiza ufunguo mzee kama upo, uchezeshe taratibu huku unavuta. Kama haupo, ingiza blenki (ufunguo ambao haujachongwa meno) yoyote inayoingia, na kwa ncha ya sindano bonyeza vibati kupitia kwenye mfereji. Inachosha, ila itatoka.

Fanya hii kazi juu ya sinia lenye kitambaa cheupe. Zamani tungesema fanyia ndani ya mfuko wa rambo ili springi isipotee lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwahiyo sinia, na funga feni.

Toa kibati kimoja kimoja, panga kwenye karatasi kwa mfuatano wake kuanzia cha mbele kabisa mpaka cha ndani, na andika kila kimoja kimetokea upande gani maana kwenye gari nyingi za Kijapani vingine vinatazama juu na vingine chini. Viangalie na tochi, mara nyingi vina tarakimu ndogo, 1, 2, 3, 4. Hizo zinaonyesha kina cha kila mkato wa meno, na mara nyingi 1 ni mkato mfupi kabisa na namba kubwa ni mkato mrefu. Andika mfuatano wako mahali salama. Ukishakuwa na huo mfuatano, fundi mwenye mashine ya kuchonga kwa namba anamaliza kazi yako, na wewe mwenye tupa unajua tayari wapi pa kukata sana na wapi pa kugusa tu.

Blenki

Kwenye ubao wa fundi utakuta zimening'inia mamia. Angalia mifereji ya ubavuni, upana, na urefu kutoka begani mpaka kwenye ncha. Toyota nyingi za miaka ya 90 zinatumia ile inayoitwa TOY43, ila usiamini jina peke yake, nenda na silinda yako. Blenki sahihi inaingia bila kulazimishwa mpaka bega linagusa uso wa silinda, na haitikisiki kushoto kulia. Chukua ya shaba, inakubali tupa. Zile nyepesi za aluminiamu zinajipinda, utakuja kukatikia ndani. Na nunua mbili au tatu, bei yake sio ya kukuumiza, na ya kwanza unaweza ukaila sana.

Kuweka alama na kupiga tupa

Hapa kuna mbinu ambayo mimi naipenda kuliko zote. Silinda ikiwa tupu, haina vibati, paka blenki maka peni nyeusi pande zote, iingize mpaka bega ligote, halafu chukua sindano upitishe kwenye kila nafasi ya kibati ukwaruze kamstari kwenye blenki. Ukiichomoa utaona mistari myeupe kwenye weusi, na kila mstari ni sehemu ambayo bonde la jino linatakiwa kuwa, bila kukisia. Makosa mengi ya kuchonga kwa mkono sio ya kina, ni ya mahali, mtu amekata vizuri lakini bonde limekaa milimita moja pembeni.

Rudisha kibati kimoja tu na springi yake, cha mwisho kule ndani kwenye ncha. Ingiza blenki. Kibati kitatokeza upande uleule wa meno, maana blenki bado imenenepa na inakisukuma. Chomoa, bana kwenye jiriwa, piga tupa mara mbili tatu kwenye ule mstari wake, ingiza tena, angalia. Kimeshuka kidogo. Rudia. Tofauti ya kina kimoja na kingine haifiki milimita moja kwahiyo ukikaribia, piga tupa mara moja uangalie, mara moja uangalie, pitisha ukucha juu ya silinda, ukucha usipokwama umefika.

Ukikuta kibati kimeanza kutokeza upande wa pili, ule ambao sio wa meno, umekata kupita kiasi. Hakuna kurudi nyuma, shaba haioti. Chukua blenki nyingine, ndo maana nilisema nunua mbili au tatu.

Kikikaa sawa ongeza kibati cha pili, halafu cha tatu, unarudi kuelekea begani. Umbo la bonde liwe na sakafu bapa nyembamba na kuta zinazolala, kama nyuzi 45 hivi, usikate kuta wima. Kuta wima ufunguo unaingia lakini kutoka unagoma, vibati vinakwama kwenye kona. Tupa bapa kwa sakafu, ya pembetatu kwa kuta. Na ile ncha ya mbele iwe na mteremko ili iweze kuvinyanyua vibati inapoingia.

Kwa ufunguo wa meno pande mbili, vibati vya juu vinasoma upande mmoja na vya chini upande mwingine. Maliza yote, halafu kila mkato uliofanya upande huu unakili na upande ule, mahali palepale na kina kilekile, ili ufunguo uingie vyovyote unavyoushika.

Ukimaliza toa makali yote na msasa laini, pitisha mswaki wa zamani kuondoa unga wa shaba. Huo unga ukiingia kwenye kitasa kisafi umeanza upya.

Kurudisha na kujaribu

Vibati vyote na springi ndani, ufunguo ndani, silinda inateleza kwenye nyumba yake. Zungusha. Inatakiwa izunguke kwa vidole viwili. Ikiwa nzito usilazimishe, chomoa silinda ufunguo ukiwa ndani, tafuta kibati kinachokuna, gusa na tupa.

Kilainisho ni unga wa grafiti. Ukikosa, kwangua risasi ya penseli laini unga uingie ndani, ni karibu kitu kilekile. Oili ya injini hapana, na grisi nyingi hapana, kwa vumbi letu hili ndani ya miezi michache unapata matope. Na ukishaweka grafiti usije ukaweka oili juu yake.

Rudisha kitasa mlangoni, klipu ya U, rodi, klipu ya plastiki izungushwe mpaka ijifunge. Sasa kabla hujarudisha kava, na hili nalirudia, MLANGO UKIWA WAZI, sukuma lile komeo la pembeni mwa mlango kwa bisibisi lijifunge kama vile mlango umefungwa, zungusha ufunguo kufunga, vuta hendeli ya nje uone imekataa, zungusha kufungua, vuta hendeli uone komeo limeachia. Fanya hivyo mara kadhaa. Ukifunga mlango kwanza halafu rodi ikawa haijashika, utalifungua hilo kava kwa tabu sana mlango ukiwa umefungwa.

Ikifanya kazi, rudisha nailoni, kava, skrubu, hendeli ya kioo. Halafu huu ufunguo wa mkono usiutumie. Huu ni mama. Upeleke kwa fundi akutolee kopi mbili kwa mashine, kopi ndo zitembee, mama akae nyumbani kabatini. Siku kopi zikilika unatoa nyingine kwa mama.

Mlango unafungua, swichi haizunguki

Hii inawachanganya watu. Kwenye gari nyingi za Kijapani kitasa cha mlango kina vibati pungufu kuliko swichi ya kuwashia, kwahiyo ufunguo uliosomwa mlangoni tu unakuwa na meno ambayo hayajakatwa bado, yale yanayosomwa na swichi peke yake. Haina maana umekosea. Kama swichi nayo haina ufunguo, toa silinda ya swichi umalizie yale meno yaliyobaki kwa njia ileile.

Na kama ufunguo wa swichi unao, mzima, ila mlango ndo una ufunguo wake tofauti kwa sababu mtu aliweka kitasa cha skrepa, basi usichonge kabisa. Ingiza ufunguo wa swichi kwenye silinda ya mlango. Ukiingia mpaka begani, angalia vibati gani vinatokeza, hivyo tu ndo uvibadilishe na vya kitasa kingine cha aina hiyohiyo, mafundi wa skrepa wanavyo vitasa vibovu kwenye ndoo na hawavithamini. Hamisha mpaka vyote vikae sawa. Wengine wanachofanya ni kupiga tupa vibati vinavyotokeza, au kuvitoa kabisa wakabakiza viwili, ufunguo unafungua kweli, na wa jirani pia utafungua. Ukinunua gari ya mkononi ijaribu kwa hilo, ingiza ufunguo wa gari nyingine ya aina hiyo kwenye mlango, ukizunguka ujue kitasa kimeshatolewa utumbo.